Mama Sephora Amegeuka Jina Katika Kitabu Changu

Likasi, tarehe 14 Juni. Mwaka wa tatu sasa tangu nilipoondoka kwetu Kabalo.

Mama Hélène mpendwa, wewe unayewajibu watu kila Jumamosi kwenye ukurasa huu, nakuletea shida yangu na nakuomba kitu kimoja kabla ya msaada: ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize, kwa sababu hapa kazini wamecheka wote, wengine mpaka wakakaa chini, na baada ya kucheka hakuna hata mmoja aliyebaki na nguvu ya kunisaidia.

Naitwa Damas. Kazi yangu ni kupanga mifuko katika kiwanda kimoja njia ya Kamatanda. Mfuko unatoka kwenye mashine, tunaubeba, tunaulaza juu ya mwingine, safu juu ya safu, na safu ikipinda tunausukuma mfuko kwa goti mpaka unyooke. Ndiyo ujuzi wangu wote. Shule niliiacha sekondari mwaka wa pili, na mgongo wangu umezeeka kabla yangu, lakini kuandika nakupenda, na huo ndio ugonjwa ulionifikisha hapa.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, maisha yake yote alikaza bolti za reli pale Kabalo. Alikufa mwaka jana nikiwa huku, na maziko yakapita bila mimi. Mtoto mwenye akili angetuma nguo, au sukari, au angetuma pole akanyamaza. Mimi niliamua kutunga kitabu. Nilitaka kisomwe siku ya kutoa matanga, mbele ya ukoo, ili wasije wakasema Damas alikwenda Likasi akasahau alikozaliwa.

Sasa unielewe vizuri, Mama, kwa sababu hapa ndipo mambo yote yanapokaa. Baba aliacha wajane wawili. Wa kwanza ni Mama Colette, aliyenizaa mimi, na kaka yangu mkubwa Germain, na dada yetu Tina. Wa pili ni Mama Sephora, aliyezaa Jaël, Constantin na Didier. Na kwetu, siku ya kutoa matanga, wajane wa mume mmoja wanavuliwa nguo nyeusi pamoja, wamekaa mkeka mmoja, ndugu za marehemu wakishuhudia. Mmoja asipokuja, yule mwingine havuliwi. Anabaki na nyeusi yake, haolewi, haendi sherehe, hachezi ngoma, anangoja.

Kitabu nilikiandika kwa simu, kwa kidole gumba, saa za kupumzika na Jumapili baada ya misa. Na kwa kuwa sijui kuandika bali najua kupanga mifuko, nilipanga maneno kama mifuko. Sikupenda simu inikatie mstari mahali inapotaka yenyewe, kwa hiyo kila mstari ukifika ukingoni nilikuwa nabonyeza kushuka, mimi mwenyewe, kila mstari, kitabu kizima. Sura mpya ikianza nilibonyeza kushuka, kushuka, kushuka, mpaka kioo kiwe cheupe. Namba za kurasa niliziandika kwa mkono, nikikadiria mahali ukurasa utakapoishia, kama mtu anayejenga ukuta kwa kufumba jicho moja. Neno likikaa vibaya nililisukuma kwa nafasi, nafasi, nafasi. Goti langu lilikuwa kidole gumba.

Fahari yangu kubwa ilikuwa ukurasa wa familia. Niliandika Colette upande wa kushoto na Sephora upande wa kulia, na chini yao watoto, kila mtoto chini ya mama yake. Mstari wa kwanza Germain kushoto, nafasi nyingi sana, halafu Jaël kulia. Mstari wa pili mimi Damas kushoto, Constantin kulia. Mstari wa tatu Tina, na Didier. Kwenye simu walisimama wima kama safu ya mifuko mbele ya mkaguzi. Nilimwonyesha Alexis, ninayebeba naye, akaangalia sana akasema, “Damas, weye ni architecte.” Wiki nzima nilitembea kama architecte, mtu wa kuchora majumba.

Halafu nikaenda kwa Carmel, dada mwenye duka la kupiga fotokopi karibu na soko. Alipokea maandishi yangu kutoka kwenye simu, akayaweka kwenye kompyuta, akapunguza ukurasa uwe wa kitabu, akakunja uso.

“Papa Damas, humu kuko nafasi mingi sana. Maneno inakaa kama kinywa yenye kutoka meno. Nitoshe?” Yaani aziondoe.

“Tosha.”

“Yote?”

“Mama Carmel, nimesema tosha yote.”

Akabonyeza mara moja. Mara moja tu, Mama Hélène, na nafasi zote za kitabu zikaondoka, mbili mbili, tano tano, kumi kumi, ikabaki moja moja kati ya neno na neno. Nikaona maneno yanasogeleana, nikafurahi. Akaniuliza tena, “Tutoshe copie moja mbele, usome?” yaani tutoe nakala moja kwanza. Nikamjibu jibu ambalo sasa Alexis analirudia kila asubuhi tukivaa buti: “Kitabu ni yangu. Nilishaisoma wakati nilikuwa naiandika.”

Vitabu vikatoka vikiwa na joto. Siku hiyohiyo mtu wa kwetu, Bertin, alikuwa anapanda treni ya kwenda nyumbani, nikamkabidhi boksi zima kituoni bila kulifungua. Nilibaki na kimoja tu, nikakiweka mpaka Jumapili ili nikifungue kwa heshima.

Jumapili nikakifungua. Mistari ilikuwa imekatika kwa namna nisiyoijua: mstari mmoja mrefu, halafu neno moja peke yake, mstari mrefu, neno moja peke yake, mpaka mwisho. Alexis akasoma kidogo akaniuliza, “Hii inaimbwaka na sauti gani?” Namba zangu za kurasa zilikuwa zimehama, zimeingia katikati ya habari. Baba anamwambia mkubwa wake 14 kwamba reli imepasuka. Baba anafumba macho 31 anatuacha. Sura ya tano inaanza chini kabisa ya ukurasa, jina lake tu, kama mtu aliyefika kituoni treni ikiwa imeondoka. Hayo yote ningeyavumilia. Halafu nikafika kwenye ukurasa wa familia.

Nafasi zilikuwa zimeondoka zote, si ndiyo nilivyoamuru? Basi juu kabisa imeandikwa: Colette Sephora. Chini yake: Germain Jaël. Damas Constantin. Tina Didier. Yaani baba yangu alikuwa na mke mmoja, mwenye majina mawili, na watoto watatu, kila mtoto na majina yake mawili. Mama Sephora na watoto wake wamekuwa majina ya ubatizo ya kwetu.

Nilijaribu kumpigia Bertin, simu yake ilikuwa imezimwa. Kitabu kikafika Kabalo kabla ya sauti yangu.

Wa kwanza kupiga simu ni mama yangu mzazi. “Damas, minye mama yako, ni nani alinibatizaka Sephora?” Wa pili ni Constantin, mtoto wa Mama Sephora, ambaye tulikua pamoja na tulipigana mara nyingi kwa upendo. Aliniambia jinsi Jaël alivyomsomea mama yao ule ukurasa. Mama Sephora akasema, rudia. Jaël akarudia. Mama akasimama, akakunja mkeka wake, akasema:

“Vizuri. Sasa minye ni jina. Jina haipikake, jina haivalake nguo nyeusi, na hakuna muntu anavulaka jina. Mwambieni Colette avuliwe peke yake, si yeye njo sisi wawili?”

Halafu akawageukia watoto wake, watu wazima, wengine na ndevu. “Na benu muende mukule kwa benye majina yenu.”

Mama, usifikiri alikuwa anatania. Tangu siku ile hawapikii. Saa ya kula Jaël anakwenda kwa Germain pamoja na watoto wake, anakaa mlangoni na kumwambia kaka yake mkubwa, “Yaya, minye ni jina yako ya pili, na hapa niko na majina madogo, tuko na njaa.” Didier anakula kwa Tina. Constantin, kwa kuwa jina lake limeangukia kwangu nami niko mbali, anakula kwa mama yangu, na ananipigia simu: “Damas, jina yako inavaa viatu namba gani? Ju jina yako ya pili iko bila viatu.” Mama yangu analia kwamba unga unakwisha. Mke wa Germain amefunga mlango wa jiko kwa kufuli. Baba mdogo, ambaye ndiye anayesimamia matanga, amesema siku iliyopangwa, mwisho wa mwezi wa nane, haitafanyika kama Mama Sephora hatakaa mkekani. Basi mama wawili watabaki na nguo nyeusi kwa sababu ya kidole changu gumba.

Ungefikiri wote wanataka nirekebishe. Hapana. Germain, pamoja na kufuli lake, alinipigia akashusha sauti: “Acha vile. Katekista amekisoma, amekipenda. Anasema ndani ya kitabu papa anaonekana mukristu muzuri, bibi moja, watoto watatu. Anataka wakisome parokiani. Ile ingine watu watasahau.” Na mimi, nitakwambia ukweli kwa kuwa hunijui uso, niliposikia “wakisome parokiani” moyo wangu uliruka. Kwa muda kidogo nilijiona nimekaa benchi la mbele.

Kuhusu nani ana kosa, nimekwisha kujiharibia. Mama yangu aliponiuliza nilijibu haraka kwamba ni mashine. Germain akaongeza kwamba ni yule binti wa fotokopi wa Likasi hajui kazi. Sasa Kabalo nzima inamtukana Carmel, ambaye hajawahi kufika Kabalo.

Naomba ushauri. Nifanye nini ili kitabu kikae sawasawa na kisihame tena? Alexis anasema nipige mshale kwa kalamu. Mwingine anasema nichane ule ukurasa, kitabu kibaki bila familia. Je, nikirekebishe, au nikiache kama Germain anavyotaka? Likizo yangu ilikuwa mwezi wa nane, na nilikuwa nimemwambia kila mtu nitakwenda. Sasa sijui kama niende, au nibaki huku kwenye mifuko, ambayo angalau haisomi.

Ni mimi,
Damas Constantin, kama kitabu kinavyosema.


JIBU LA MAMA HÉLÈNE

Damas, nimecheka, umeniruhusu. Nilipofika kwa Jaël na majina yake madogo mlangoni ilinibidi kuweka barua mezani. Sasa nimemaliza, na wewe kaa sawasawa.

Nianze na kilicho chepesi, ambacho ndicho unachokiogopa zaidi. Kitabu chako hakijafa. Kimepangwa na mpanga mifuko, basi. Mfuko ukiuweka unabaki ulipouweka. Neno halibaki. Ukibadilisha ukubwa wa karatasi au wa herufi, maneno yote yanatafuta mahali papya pa kukaa, na kila ulichokisukuma kwa kidole kinarudi kinyume chako. Kwa hiyo acha kusukuma, iambie mashine unachotaka ili ifanye yenyewe.

Rudi kwa Carmel, na nitakuambia baadaye uingie kwa maneno gani. Mwambie kwanza aweke ukubwa wa ukurasa wa kitabu na herufi mtakazotumia, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, na baada ya hapo msibadilishe tena. Halafu muondoe zile kushuka zako za mwisho wa mstari. Lakini Damas, safari hii usiseme “tosha yote”! Ukisema hivyo aya zako zote zitakuwa aya moja ndefu kutoka kuzaliwa kwa baba mpaka kaburini. Pitieni kitabu kwanza, na kila mahali aya inapoisha kweli mtie alama isiyopatikana penginepo, kwa mfano nyota tatu. Ndipo mashine ibadilishe kila kushuka kuwe nafasi moja, kisha kila nyota tatu ziwe kushuka. Mistari itajaa yenyewe kutoka ukingo mpaka ukingo, na hakuna atakayeuliza inaimbwa kwa sauti gani.

Mwanzo wa aya usiusogeze kwa nafasi, kuna mahali pa kuiambia kompyuta isogeze kila aya kiasi kilekile. Sura mpya usiitafute kwa kubonyeza kushuka mpaka uchoke, kuna amri moja ya kukata ukurasa, Carmel anaijua, na sura itaanza juu hata ukiongeza maneno kabla yake. Namba zako za mkono zifute zote, moja moja, kwa macho, maana mashine haiwezi kujua kama 31 ni ukurasa au ni umri wa mtu. Kisha iachie mashine iweke namba zake chini. Mwisho, mkishamaliza, Carmel akihifadhi kwa ile namna ya faili ambayo haibadiliki ikifunguliwa kwingine, hiyo ndiyo ya kuchapa. Na kichapwe kimoja. Kimoja, Damas! Asome mtu mwingine, kwa sauti, wewe umeshika kalamu na umefunga mdomo. Aliyeandika haoni kilichoandikwa, anaona alichotaka kuandika. Wewe uliuona ukoo wako umesimama wima mpaka siku treni ilipoondoka.

Sasa ukurasa wa familia. Usipige mshale. Mama wa watu watatu haunganishwi na watoto wake kwa mshale wa kalamu. Usiuchane pia. Na usirudi kwenye kushoto na kulia, hata Carmel akikwambia kuna jedwali zuri lisiloteleza, na ni kweli lipo. Wewe andika kwa sentensi. “Mke wa pili wa baba ni Mama Sephora. Aliwazaa Jaël, Constantin na Didier.” Badilisha karatasi, badilisha herufi, toa nafasi zote duniani, sentensi hiyo haiwezi kumpa mtu mwingine watoto hao. Na kila mama apate ukurasa wake mzima, herufi za ukubwa mmoja, na habari zake zaidi ya kuzaa: alikutana na baba wapi, alikuwa anapika nini, baba alipochelewa relini alimwambia nini. Umeandika kitabu kizima juu ya mwanamume mmoja, na hawa wanawake wawili uliwapa mstari mmoja wagawane. Nafasi zilipoondoka, kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Hapo usimtazame Carmel.

Tumefika kwa Carmel. Aliuliza, “Yote?” Ukasema yote. Aliuliza kama utasoma. Ukamjibu kama waziri. Leo mwambie mama yako, na umwambie Germain aieneze hivyo hivyo alivyoeneza ile nyingine, kwamba amri ilikuwa yako. Ndipo uende dukani, na neno lako la kwanza mlangoni liwe hilo hilo, kabla hujatoa simu mfukoni.

Na sasa swali ulilolificha kati ya mengine, ukidhani nitalipita: nikirekebishe, au nikiache? Damas, hilo unaliuliza kweli? Nafasi ziliondoka kwa bahati mbaya, hilo nalikubali, na kwa hilo nimecheka. Lakini siku utakayoamua ukurasa ule ubaki ili baba apendeze parokiani, siku hiyo haitakuwa tena kazi ya mashine. Itakuwa wewe, kwa akili yako timamu, umemfuta mwanamke aliyemfulia baba yako nguo za reli. Na yeye anaujua huo mchezo kuliko wewe. Hakuna mke wa pili ambaye hajawahi kuambiwa asubiri nje wakati wageni wa heshima wanapita. Kwa nini unadhani alikunja mkeka upesi hivyo? Hakushangaa. Alikuwa akiingoja siku hiyo miaka yote, na ikamfikia ikiwa imechapwa, kutoka kwa mtoto ambaye labda hakumtegemea. Katekista umwambie kwa heshima kwamba kitabu alichokipenda kilikuwa na kosa. Kama akiona kile cha kweli hakifai parokiani, kisomwe uani kwenu, ambako ndiko kilikoandikiwa.

Usimpigie Constantin amwambie mama yake. Usimtume Germain, wala baba mdogo. Mpigie Mama Sephora wewe. Ukiisha kusalimia, sema, “Mama, ni mimi niliyefanya, na nilifanya kwa kiburi.” Usieleze nafasi, usieleze mashine, usieleze herufi. Hataki kujua. Atakutukana, nawe utapokea, mgongo wako umebeba mizigo mizito zaidi. Akimaliza, mwombe akutajie ukurasa wake: majina ya watoto wake kwa utaratibu anaoutaka yeye, na yale anayotaka yasemwe juu yake. Andika kama anavyosema. Akinyamaza, ngoja. Akikata simu, piga kesho. Kisha umsomee kabla Carmel hajakichapa, na neno la mwisho juu ya ukurasa huo liwe lake, siyo la Germain na siyo lako, bwana architecte.

Vile vitabu vya boksi mwambie Bertin avikusanye nyumba kwa nyumba avipeleke kwa Mama Sephora. Akitaka kuwashia jiko, sawa, ni karatasi kavu.

Unaniuliza uende au ubaki na mifuko. Utakwenda. Hukufika kumzika baba, na wajane wake wasiache kuvuliwa kwa sababu unaona haya. Omba likizo yako leo, kabla msimamizi hajampa mwingine. Panda treni ya kwanza ya mwezi wa nane, usingoje mwisho wa mwezi, na vitabu uvibebe mwenyewe mapajani. Na ukishuka Kabalo usianzie kwa mama yako mzazi. Mama Colette atakasirika siku mbili, amekuzaa, atakusamehe. Wewe shika njia ya kwa Mama Sephora, na mzigo wako mgongoni, ukae mlangoni pake uombe chakula. Mwambie leo kwenye simu, yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, ili ajue siku ya kupika: “Mama, narudi mwezi wa nane, nitakula kwako.”